Walinzi wa Gwamaka Kalinga

Gwamaka Kalinga alifunguliwa Jumatatu asubuhi, mvua ikinyesha, na alipoletwa kwa daktari alikuwa bado anatania.

"Nimeambiwa huku nitapumzika," alimwambia Daktari Tusekile Mwakabonga. "Maisha yangu yote nimesimama kwa miguu nikinyoa vichwa vya watu. Leo nimepewa kitanda, tena chenye shuka."

Tusekile alimwonyesha akae, akamfunga mpira mkononi na kutafuta mshipa wa damu. Katika mji wa Ilolo, kufunguliwa hakukuwa kutolewa pingu. Kulikuwa kunyimwa dawa ya tulizo. Kila mtu mzima, kuanzia mwenyekiti wa Baraza hadi mfagiaji wa soko, alidondoshewa matone yake chini ya ulimi kila mwezi, akaenda zake kazini bila kuyafikiria tena. Aliyehukumiwa alirukwa siku ya matone yake ilipofika. Basi, hukumu ilikuwa hiyo tu. Hapakuwa na kamba wala risasi. Kazi iliyobaki aliachiwa mwili wake mwenyewe.

Gwamaka alikuwa kinyozi wa mtaa wa Kiwandani. Walimkuta na tulizo ndani ya chupa za spiriti, zile za kupaka mashavuni baada ya kunyoa. Alikuwa akizishusha bondeni, kwa watu waliotoroka mji wakidhani wametoroka kila kitu.

"Wanakufa vibaya kule chini, Daktari," alisema, akiangalia damu yake ikipanda kwenye bomba. "Mtu anajiona yuko huru, mwezi unaisha, anaanza kuwa manjano. Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza," alisema Tusekile.

"Hilo sijawahi kuliweza. Muulize mke wangu."

Alikuwa na sababu ya kutania. Watu wengi waliofunguliwa walirudi makwao. Sheria ilimpa daktari wa zamu uamuzi: mhukumiwa akishaonja adhabu, macho yakishageuka manjano, daktari aliweza kumrudishia tulizo, naye akapona, akabaki na ini lenye makovu na hofu ya kumtosha hadi uzee. Mpaka ulikuwa fizi. Fizi zikishaanza kutoka damu, uharibifu umefika kwenye uboho wa mifupa, na hata umpe ndoo nzima ya tulizo hatarudi. Tangu aanze kazi hiyo, Tusekile hakuwahi kumwacha mtu afike kwenye fizi. Mji mzima ulilijua hilo. Wengine walimwita Mama Huruma, naye alijifanya hasikii.

Aliipeleka ile damu maabara mwenyewe. Kila damu iliyoingia kituoni tangu mwanawe augue aliipima kipimo kimoja cha ziada ambacho hakuna aliyemwagiza. Safari hii, jibu lilipotokea kwenye kioo, alilisoma, akaketi kwenye kiti cha mtu mwingine na kulisoma tena.

*

Bupe, mwanawe wa pekee, alilazwa kwenye jengo la pili, ng'ambo ya bustani ya hospitali. Alikuwa na miaka kumi na saratani ya damu. Dawa zilikuwa zimemmaliza nywele na kumwachia macho makubwa yaliyoangalia kila kitu kwa makini, kama ya mtu anayetaka kuondoka akiwa amekariri chumba.

"Umepata mtu," alisema Bupe mara mama yake alipoingia.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako."

Tusekile alivua koti lililolowa, akakaa kitandani. Hakuwa na desturi ya kumdanganya mtoto huyu. Baba yake alipokuwa anakufa, miaka ya vumbi, wakati upepo ulipokuwa ukileta sumu kutoka kwenye mashimo ya kusini na kila nyumba ikiwa na mgonjwa wake, Bupe alikuwa mdogo na watu walimdanganya sana. Hakusahau.

"Ndiyo. Nadhani nimepata."

"Mimi bado sielewi kwa nini si wewe," alisema Bupe. "Wewe ni mama yangu. Walinzi wako wakali, kila mtu mzima ana walinzi wakali. Si unitolee tu?"

"Walinzi wangu wanakufahamu," alisema Tusekile.

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana, mwanangu. Kila seli ina kitambulisho chake usoni. Mlinzi ndani ya damu hupita akizigusa moja moja, na akikuta kitambulisho anachokijua, breki yake inashika, anapita. Vitambulisho vyako vinafanana na vyangu. Hata zile seli mbaya bado zinavyo. Walinzi wangu wakizifikia, wanaona mtoto wangu. Wanatulia."

Bupe alifikiri. "Kwa hiyo anatakiwa mtu asiyenijua."

"Mtu ambaye walinzi wake hawakujui kabisa. Wakikutana na seli zako mbaya, hawaoni cha kuwazuia."

"Na seli zangu nzuri je?"

"Hizo hazipigi kelele. Seli iliyoharibika hutoa alama za kuomba msaada. Mlinzi hupima, za kumzuia upande huu, za kumchochea upande huu. Za kuchochea zikizidi, anaua. Seli zako nzuri zimetulia, hazina cha kumchochea."

"Na huyo mtu amekubali?"

Mvua ilipiga dirisha. Tusekile alimfunika miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa.

"Lala kidogo," alisema.

*

Siku mbili baadaye macho ya Gwamaka yaligeuka manjano. Utani ulikuwa umemwisha. Alilala kwa ubavu, magoti kifuani, na joto lake lilihisiwa kabla hujamgusa. Tusekile alipoingia alimkuta anajitazama kwenye bakuli la chuma la kutapikia.

"Kinyozi hadanganywi kuhusu uso," alisema. "Haya ni manjano. Nimeonja, Daktari. Nipe matone."

"Bado kidogo."

"Kidogo gani tena?" Alijikunja, akangoja maumivu yapite. "Niambie basi kinachonila. Nimeishi nacho miaka yote, sijawahi kukiuliza."

Alimweleza, kwa kuwa kueleza kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Alimwambia kwamba kila mtu huzaliwa na walinzi hao, na huzaliwa na breki zao pia, nyingi, za kila namna, ili wasimdhuru mwenye mwili. Wakati wa vumbi wataalamu waliziondoa zile breki za kuzaliwa, ili saratani isipate tena pa kujificha, wakaweka moja tu mahali pake, inayosoma vitambulisho na kushika pale tu tulizo lipo kwenye damu. Waliobuni dawa walikuwa wanafikiria saratani. Baraza lililokuja baadaye likagundua kwamba limekabidhiwa kamba iliyofungwa shingoni mwa kila mtu.

"Na sasa wakiniangalia wanaona nini?"

"Hawaoni cha kuwazuia. Wameanza na ini, maana huchuja sumu kila siku na halikosi kelele kidogo."

"Mimi mwenyewe," alisema Gwamaka. "Nimekuwa mgeni kwangu mwenyewe." Alimtazama muda mrefu kwa macho yale ya manjano. "Nimeketisha watu wengi kwenye kiti, Daktari. Najua mtu mwenye neno. Sema."

Akamwambia. Alimweleza habari za Bupe, na kwamba kati ya watu wote waliopimwa, walinzi wake yeye ndio wasiomjua mtoto, kwa hiyo hata tulizo atakalopewa mtoto halitawazuia. Alimweleza kwamba walinzi wa mtu anayetumia tulizo ni wazembe, hawafai kitu. Wanaofaa ni waliokaa bila breki. Wakichukuliwa mapema wanakuwa na nusu ya ukali tu. Wakiachwa wale, wazaane, wazoee kuua, wanakuwa kamili.

"Kamili ni lini?"

Macho ya Tusekile yalishuka hadi mdomoni mwake.

"Fizi," alisema Gwamaka.

"Ndiyo."

Kinyozi alilaza kichwa kwenye mto. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, bila hasira, na hilo ndilo Tusekile hakuwa amejiandaa kulipokea.

"Ungeniomba," alisema.

"Ungekubali?"

"Sijui. Nina watoto watatu na mimi. Pengine ningekutukana. Lakini ungeniomba."

Alinyoosha mkono, akaushika upindo wa koti jeupe la daktari. "Nakuomba mimi basi. Nipe matone, Daktari. Nakuomba."

Tusekile aliufungua ule mkono kidole kimoja kimoja. Haukuwa na nguvu, ulifunguka kirahisi. Akatoka, akalifunga friji la tulizo kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni.

*

"Mama Bupe, huyu mtu bado hajapewa dawa."

Daktari Atuganile Mwambete alisema hivyo akiwa mlangoni, mwavuli ukimchuruzikia miguuni. Walikuwa marafiki tangu chuo. Ndiye aliyemshika Bupe kanisani siku ya ubatizo, ndiye aliyemfundisha kusoma saa, na Bupe alimwita Mama Mdogo. Wiki hiyo hakuwa wa zamu. Alikuwa amepita tu kumwona mtoto.

"Najua," alisema Tusekile.

"Macho yameshaiva kabisa. Unangoja nini?"

Tusekile alimsogezea karatasi ya majibu ya maabara. Atuganile alisoma akiwa amesimama, na uso wake ulipita kwenye furaha kwanza, furaha ya kweli, ndipo ukaelewa.

"Chukua sasa hivi," alisema. "Mashine ipo. Mchuje damu, chukua walinzi wa kumtosha Bupe, halafu mpe mtu tulizo lake. Wote wawili wapone."

"Sasa hivi ni nusu tu. Nusu itausumbua ugonjwa, haitaumaliza."

"Hujui hilo."

"Wewe unajua?"

"Sijui! Hakuna anayejua! Kwa kitu usichokijua unamwua mtu?"

"Simwui mimi. Baraza limemhukumu."

"Usinifanyie hivyo, Tusekile." Atuganile hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. "Baraza limekuachia wewe. Watu wale wanamfungua mtu kwa sababu wanajua wewe utamfunga. Unaelewa? Wanahukumu wanavyohukumu kwa sababu upo. Leo ukimwacha huyu afe na mtoto wako akapona, kesho wataona faida. Watatuletea watu kama mbuzi."

Tusekile aliangalia dirisha la jengo la pili, lile la kona. "Wewe huna mtoto," alisema.

Alilitupa makusudi, akijua litakapotua. Atuganile alipoteza mimba nne. Walinzi wale wale, hata wakiwa na breki, hawakumwamini mgeni wa tumboni, nao katika mji huo wanawake wengi walikuwa hivyo. Tusekile ndiye aliyemsafisha mara zote.

Atuganile alikunja mwavuli wake taratibu, kama mtu anayetafuta cha kufanya na mikono.

"Nina mtoto," alisema. "Yuko pale kwenye dirisha la kona. Na nisingetaka aje kulijua hili."

Aliondoka. Tusekile akabaki kituoni hadi mchana wa siku iliyofuata, akiingia na kutoka kwa Gwamaka, akimwinua mdomo wa juu kwa kidole kilichovaa glavu, akiangalia, akiuachia. Gwamaka hakusema naye tena. Mara moja alimwita mkewe, mara moja akaanza kumweleza mtu fulani asitikise kichwa, wembe utamkata.

Saa sita mchana, juu ya meno ya mbele, ulionekana mstari mwembamba mwekundu. Tusekile aliupangusa kwa pamba. Ukarudi.

Akawasha mashine.

Kuchuja kuliendelea hadi walinzi wakajaa kwenye mfuko, majimaji ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai kidogo, mtu hawezi kuamini kwamba kitu hicho kinaua. Aliuchukua na kukimbia nao ng'ambo ya bustani, akiukinga na mvua ndani ya koti. Aliporudi alimkuta Atuganile amepiga magoti kando ya kitanda. Mlango wa friji ulikuwa umevunjwa kwa nyundo. Chupa ya tulizo ilikuwa mkononi mwake, nusu tupu, na kidevu cha Gwamaka kilikuwa kimelowa matone na damu.

"Anameza," alisema Atuganile. "Angalia, anameza."

"Umechelewa," alisema Tusekile. "Fizi zimeanza tangu saa sita."

"Najua. Nimeziona." Aliendelea kudondosha, tone kwa tone. "Nimempa ili asife akidhani hakuna aliyempa."

Muuguzi mmoja alipita mlangoni, akaiona chupa, akaliona friji, akaenda zake haraka.

Gwamaka alikufa kabla ya jua kuzama. Mkewe alikuja kumchukua na mkokoteni uliotandikwa majani ya migomba. Alimshukuru Tusekile, kwa kuwa alikuwa amesikia habari zake, na aliamini kwamba Mama Huruma alijitahidi mpaka mwisho.

*

Bupe alipata homa kali, akatetemeka, akapiga kelele usiku na mchana. Kisha homa ikashuka. Damu yake ilipopimwa haikuonekana hata seli mbaya moja. Alianza kudai ndizi za kuchoma. Nywele zilichipua, laini kama za kifaranga, naye akawa anawalazimisha wauguzi wazishike. Siku moja alitembea mwenyewe hadi kwenye bustani, akasimama juani akiwa amefumba macho, na Tusekile, akimwangalia kutoka dirishani, alijiambia kwamba angefanya tena. Hakuyasema maneno hayo kwa huzuni. Aliyasema kama mtu anayejaribu kiatu na kukuta kinamtosha.

Mzee Kyejo, mwenyekiti wa Baraza, alikuja mwenyewe kumpongeza mtoto. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyependa kuuliza watu habari za mifugo yao.

"Tumefurahi mno, Daktari," alisema. "Kumbe hukumu zetu zinaweza kuzaa kitu. Wapo watoto wengine pale wodini, nadhani?"

"Wapo, Mzee."

"Tutaona. Tutaona." Alimpapasa Bupe kichwani. "Kuna lile jambo la friji. Muuguzi ameeleza. Itabidi utusaidie kwa ushahidi wako."

Ndizi za msimu huo zilikuwa hazijaisha sokoni wakati Bupe alipoanza kuchoka tena. Tusekile alimpima mwenyewe, peke yake maabara. Walinzi wa Gwamaka walikuwa wamekwisha. Katika mwili wa mtu mwingine hawaishi muda mrefu. Na seli mbaya zilizosalia, zile chache zilizoponea chupuchupu, zilikuwa zimejifunza. Zilikuwa zimezima kelele zao za kuomba msaada, zimevaa vitambulisho viwili vitatu juu ya kimoja. Safari hii angehitajika mtu mwenye walinzi wa aina tofauti, walio wageni zaidi kwa Bupe kuliko hata wale wa kinyozi.

Hakumwambia mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya.

Akaanza kupitia damu zote za watumishi wa hospitali zilizohifadhiwa tangu walipoajiriwa. Wengi walianguka mapema. Mmoja alisimama. Tusekile aliipitisha damu yake kwenye mashine upya, na upya tena, akitumaini jibu limekosewa, akiogopa limekosewa.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi uliokuwa ghala la chai, na harufu ya chai haikuwahi kutoka kwenye mbao zake. Atuganile alisimama mbele, mikono nyuma, amevaa gauni lake la kanisani. Hakuonekana mwenye hofu. Sheria ilikuwa upande wake na kila aliyekuwepo alijua: tulizo likitolewa baada ya fizi kuanza damu haliokoi mtu, ni kumpoza maumivu tu, na daktari yeyote anaruhusiwa kumpoza mtu anayekufa. Kuvunja friji kungemletea karipio. Lakini likitolewa kabla, na mtu asiye wa zamu, huko ni kuiba hukumu ya Baraza, na adhabu yake ni ile ile aliyopewa Gwamaka.

"Muuguzi aliona chupa," alisema Mzee Kyejo. "Fizi hakuziona. Aliyekuwa akizikagua ni mmoja tu. Daktari Mwakabonga, tafadhali."

Tusekile alisimama.

"Hatutaki maneno mengi, mama. Daktari Mwambete alimpa marehemu tulizo kabla fizi hazijaanza kutoka damu, au baada?"

Atuganile alimgeukia na kutabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la mtu anayemtia mwenzake moyo, kama vile mwenye kuhukumiwa ni Tusekile.

"Kabla," alisema Tusekile.

Ukumbi ulinong'ona. Mzee Kyejo aliinamisha kichwa kwa adabu. Atuganile hakupiga kelele wala hakukana. Alimtazama rafiki yake, akimtafuta usoni, na Tusekile aliona wakati ule ule alipokipata alichokuwa akikitafuta.

"Umerudi," alisema Atuganile polepole. "Ugonjwa wa Bupe umerudi."

Tusekile alikuwa akitazama mbao za sakafu.

"Ungeniomba, Mama Bupe," alisema Atuganile. "Kwa Bupe, mimi ningekubali."

"Sawa, sawa," alisema Mzee Kyejo, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. "Daktari Mwambete atafunguliwa kuanzia kesho. Daktari wa zamu wiki hii ni nani?"

Askari wawili walishasogea, mmoja kila upande, na Atuganile alikuwa anavua pete na hereni zake, akizitia kwenye leso, kwa sababu alijua vidole na masikio huvimba.

"Nimeuliza," alisema Mzee Kyejo kwa upole. "Wa zamu ni nani?"

"Ni mimi," alisema Tusekile, akachukua mkoba wake na kwenda kuandaa chumba.